Nani Alitangulia

6 Machi

Wifi yangu Mkunga,

Ningekupigia simu, lakini tangu msiba nikisikia tu "haloo" yako nalia, na wewe unalia, vocha inaisha hatujasema kitu. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, univumilie. Niliishia darasa la saba na mkono umezoea sindano kuliko kalamu.

Jana nimefungua karakana kwa mara ya kwanza tangu tumzike kaka yangu na mkewe, dada yako. Lile kochi la watu watatu ambalo kaka yangu alikuwa analifunga springi bado limekaa katikati ya chumba, halina sponji wala kitambaa, mbavu tupu. Penseli yake fupi iko pale pale kwenye mkono wa kochi. Kwenye ndoano ya mlango kuna aproni ya dada yako. Nilitia mkono mfukoni nikakuta pipi mbili za mnanaa, moja alishaifungua, akabadili mawazo, akaifunga tena vizuri kwenye karatasi yake. Nilikaa nikaila ile. Unisamehe kama ulitaka ibaki.

Sasa wifi, jambo lenyewe. Mdogo wako Tajiri alikuja na barua ya wakili. Imeandikwa kwamba karakana, chumba cha nyuma ninacholala, na kila kitu cha kaka yangu ni mali ya warithi wa dada yako, yaani Tajiri na wewe, na kwamba nina siku sitini za kuondoka. Chini kuna sahihi mbili. Moja ni yako, naijua kwa ule mkia wa herufi ya mwisho.

Sigombani nawe. Nauliza tu. Karakana hii aliianza baba yetu, akamwachia kaka kwa jina, na mimi nashona makava ya makochi humu ndani mwaka wa ishirini na sita huu. Kaka na dada yako hawakujaliwa mtoto, tulikuwa sisi watatu tu na fundi mbao. Nikitoka hapa sijui naipeleka wapi cherehani yangu. Je, ni kweli umesaini?

Wifi yako,
Mshona Makava


15 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma wodini nikiwa nimesimama, katikati ya mama wa kwanza na mama wa pili, na mama wa pili akaniuliza, "Nesi, kwani mtoto wangu ana nini mbona unalia?" Ikabidi nimtoe hofu kwanza.

Sahihi ni yangu. Siku ya mazishi Tajiri alinipa karatasi nne, akasema ni za kwenda kuchukua vitu vyao polisi: pochi, simu, viatu. Nilisaini juu ya boneti ya gari bila kusoma. Mimi, ninayewafokea wanafunzi wangu kutwa wasitie sahihi kitu wasichokisoma! Ningekuwa mbele yangu ningejichapa.

Nimempigia. Kasema, "Dada, hiyo sheria, si mimi. Sheria imetupa, sisi tuikatae tunajua nini?" Ameshapata mtu wa kuuziwa. Huyo mtu anataka kubomoa aweke maegesho ya magari.

Kwa nini sheria imetupa sisi, sielewi, na naomba usiniulize mengi ya dada na karatasi zake. Ana haki ya kupumzika. Nitaona la kufanya.

Mkunga


28 Machi

Wifi yangu,

Nimekuelewa kuhusu sahihi. Mimi siku ile hata jina langu lingenishinda kuandika. Sijaelewa tu hapo uliposema nisiulize mengi ya dada yako. Nimekosa wapi? Kama nimekosa, niambie wazi.

Nimepata wakili. Ni dada mmoja kijana wa ile ofisi ya msaada wa bure, juu ya duka la miwani. Ofisi yake ina viti viwili na kimoja kimepasuka, nikamwambia, mama, hiki nakuletea kava hata kesi tukishindwa. Akacheka, akanieleza mpaka nikaelewa, nami nakueleza hivyo hivyo.

Kaka na dada yako walikuwa ndani ya gari moja wanapeleka makochi, lori likawaingia. Waliofika wa kwanza waliwakuta wote wawili wameshakufa. Daktari ameandika saa ile ile kwa wote. Hakuna aliyeacha wosia. Sasa sheria inataka kujua nani alitangulia, maana aliyebaki, hata kama alibaki kwa pumzi moja, anamrithi aliyetangulia, halafu yeye naye anarithiwa na watu wake. Na isipojulikana nani alitangulia, sheria inaamua yenyewe: mkubwa kwa umri amekufa kwanza, mdogo amemfuata.

Nikamuuliza, "Hata kama hakuna aliyeona?"

Akasema, "Kwa sababu hakuna aliyeona."

Karatasi za kaka yangu zinasema alizaliwa tarehe ishirini mwezi wa pili. Za dada yako zinasema mwaka ule ule, tarehe tano mwezi wa kumi na mbili. Basi kaka ni mkubwa, ametangulia. Dada yako amekaa duniani dakika moja bila yeye, dakika ambayo hakuna aliyeiona, na katika dakika hiyo amerithi karakana yote. Halafu akaenda, na yake yakawa yenu.

Wifi, sina kinyongo na dakika hiyo. Naumia tu nikifikiri kama kweli ilikuwepo, aliipitisha peke yake.

Na unakumbuka kaka alivyokuwa anajisifia ukubwa? Kila wakibishana kuhusu rangi ya kitambaa anapiga nyundo mezani, "Heshimu mkubwa wako! Nimekuzidi miezi tisa na nusu!" Dada yako anacheka mpaka anakaa chini, hata kama kochi halijawekwa sponji, anakalia springi hivyo hivyo, machozi yanamtoka. Miaka yote ile mzaha ni ule ule na kicheko ni kile kile. Mimi nilikuwa nasema, hawa watu wanachekeshana na nini? Mpaka leo sijui alikuwa anacheka nini.

Wakili anasema kama kuna yeyote anayejua lolote, aseme sasa. Kesi itasikilizwa mwezi wa tano.

Mshona Makava


9 Aprili

Wifi,

Nitakuambia alikuwa anacheka nini.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Kosa hujafanya, kosa ni langu. Niliposema usiulize nilikuwa natunza ahadi niliyoiweka nikiwa na miaka saba, nyuma ya choo cha shule, kwa kutema mate chini na kuyakanyaga. Mtoto wa miaka saba hakujua anaahidi nini, na mwanamke wa umri wangu anajificha nyuma yake. Leo mtoto huyo ameachishwa kazi.

Dada hakuzaliwa mwezi wa kumi na mbili. Dada amenizidi mimi miaka miwili na ushei. Dada alipofika umri wa shule, mama alikuwa amerudi kazini kufua nguo za hospitali, na hakukuwa na wa kubaki na mimi isipokuwa dada. Akakaa nyumbani kunibeba. Wenzake wakaanza shule, yeye mgongoni ananing'iniza mimi. Nilipofika miaka saba, baba akatushika mikono wote wawili akatupeleka darasa la kwanza siku moja. Mwalimu akasema, huyu mrefu amepita umri, hatumpokei. Baba akasema, hapana, huyu ni mrefu tu kwa asili. "Amezaliwa lini?" Baba yetu, mlinzi, mtu asiyejua kudanganya hata kidogo, akaangalia ukutani, akaona kalenda iliyokuwa imebaki wazi ukurasa wa mwezi wa kumi na mbili, akautaja mwezi huo. Mwaka akataja ule aliokuwa ameshautaja kwa ajili yangu, maana mimi niliulizwa mwaka tu. Dada alizaliwa nyumbani, hakuwa na karatasi. Barua waliyomwandikia shuleni ndiyo ikawa cheti chake, na cheti ndicho kikawa kitambulisho.

Tukakaa dawati moja miaka saba. Walimu wakatuita pacha bila kuuliza. Yeye akaniapisha nisiseme kamwe, aliogopa watamtoa darasani. Baadaye sababu ya kuogopa iliisha lakini siri ikabaki, unajua siri ikishakaa nyumbani inakuwa kama kabati, mnaizunguka tu.

Kwa hiyo kila shemeji alipopiga nyundo na kudai heshima, dada alikuwa anajua kwamba mkubwa ni yeye.

Sasa sikiliza vizuri, hapa naongea kama mkunga. Mimi nilizaliwa hospitali. Ni tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane, mwaka ule ule. Dada, kwa karatasi zake, mwezi wa kumi na mbili. Hesabu kwa vidole. Miezi minne! Baba mmoja, mama mmoja, watoto wawili, miezi minne! Karatasi hizi mbili hazijawahi kulala kwenye meza moja, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Nilipoiona tarehe ya dada kwenye barua yako, kwa mwandiko wako, ndipo nilipoweka zote mbili pamoja kichwani, nikacheka peke yangu zamu nzima.

Na kuna zaidi. Ninayo kadi ya kliniki ya mama ya siku aliponizaa. Niliiomba nilipokuwa mwanafunzi, nikajifunza kusoma kadi kwa kadi hiyo. Imeandikwa kwa wino wa bluu: "Uzazi wa pili. Walio hai: mmoja, wa kike." Yaani siku nilipotoka tumboni kulikuwa na binti mwingine nyumbani. Tajiri ni kitindamimba, hayumo. Huyo binti ni nani kama si dada?

Nakuja mahakamani kusema hayo.

Mkunga


17 Aprili

Wifi yangu,

Usije.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia kwa ajili ya yule mtoto aliyekubeba. Mara ya pili nilicheka, nikamwita fundi mbao nimsomee, akacheka mpaka msumari aliokuwa ameubana mdomoni ukaanguka. Mara ya tatu na ya nne nikaogopa.

Ukisema hayo, unapoteza haki yako yote kwa mdomo wako mwenyewe. Unagombana na Tajiri, ndugu pekee uliyebakiwa naye. Na watu watasema dada yako alikuwa na vyeti vya uongo. Hajawahi kumdhulumu mtu hata uzi. Sitaki jina lake lisomwe mbele ya watu kama la mwizi ili mimi nipate chumba. Nitapata pa kushonea. Cherehani inabebeka.

Sijui kama kaka yangu alijua. Nafikiri alijua. Dada yako alianza kuvaa miwani ya kusomea kabla yake, na kaka akamwambia, "Ajabu, mdogo ndiye anayezeeka kwanza," kisha akamkonyeza. Mimi niliona lile konyezo nikadhani ni mapenzi tu.

Kaa na ndugu yako, wifi.

Mshona Makava


24 Aprili

Wifi,

Nimeshaomba ruhusa ya siku mbili na nimepata. Usinibembeleze kuhusu haki yangu. Mtu aliyekaa nyumbani miaka miwili ili mimi nipate mgongo wa kulalia ameandikwa maisha yake yote kuwa mdogo wangu. Nani mwingine amebaki wa kusema si kweli? Shemeji hayupo. Mama hayupo. Nimebaki mimi na kadi ya kliniki.

Tajiri atanuna. Tangu anatambaa alikuwa ananuna, na mimi ndiye niliyekuwa namfuta kamasi.

Niandalie pa kulala. Kochi la watu watatu linatosha, kama mmeshaliwekea sponji.

Mkunga


3 Juni

Wifi yangu Mkunga, shujaa wangu,

Tumeshinda! Naandika neno hilo tena nilione: tumeshinda.

Hukumu imesomwa jana, wewe uko zamu. Lakini kabla ya hukumu nataka nikusimulie siku uliyotoa ushahidi, maana wewe ulikuwa unamtazama hakimu, umetupa mgongo sisi wa mabenchi, na uliondoka kuwahi basi bila hata kunywa chai. Hujui tuliona nini.

Uliingia na lile gauni la kazi. Wakili wangu alikuwa amekwambia uvae nguo za kawaida, ukamjibu, "Hizi ndizo za kawaida." Fundi mbao alikuwa pembeni yangu na shati jeupe, hajawahi kulivaa tangu harusi ya kaka. Tajiri mbele, na wakili wake mwenye tai fupi.

Hakimu, yule mama mwenye sauti ndogo, akakuuliza, "Shahidi, unaelewa kwamba ukiyathibitisha haya, wewe mwenyewe hupati kitu?"

Ukasema, "Naelewa, Mheshimiwa. Ndiyo maana naomba uniamini."

Nilisikia feni.

Halafu ukaweka vile vyeti viwili kwenye meza moja, na kadi ya mama yenu juu yake, ukaanza kuhesabu miezi kwa vidole kama unamfundisha mama wa mimba ya kwanza. Hakimu naye akajikuta anahesabu, niliona kidole chake kikigusa meza: wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Akauliza, "Miezi minne?" Ukasema, "Mheshimiwa, nimezalisha zaidi ya wanawake elfu tatu. Aliyefanya hivyo bado sijampokea." Ukamweleza kwamba ili wewe uzaliwe mwezi wa nane, mimba ilianza mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia, na kwa hiyo binti aliyetajwa kwenye kadi alishazaliwa kabla ya hapo, na kaka yangu alikuwa bado hajaja duniani.

Sasa yule wa tai fupi akasimama. Nilimwona anajiramba midomo, nikajua ana jambo. Akasema, "Mheshimiwa, kuna maelezo mepesi. Watoto wawili wa baba mmoja wanaweza kupishana miezi minne, kama mama zao ni tofauti. Pengine mzee alikuwa na mwanamke mwingine. Pengine huyu marehemu aliletwa nyumbani akiwa mchanga, mama akamlea."

Nikasema hapo tumekwisha, maana nani atapinga? Wazazi wako makaburini.

Hapo ndipo Tajiri aliposimama. Wakili wake anamvuta koti, yeye hasikii. "Wewe!" akamwambia wakili wake mwenyewe. "Wewe nimekuajiri umtukane mama yangu? Baba yangu hakuwa na mwanamke wa nje! Sisi watatu ni tumbo moja, mtaa mzima unajua! Dada mkubwa alizaliwa na mama, huyu mkunga akafuata, mimi wa mwisho, na atakayesema vingine atoke nje tukaongee!"

Tajiri bado kainua kidole. Hakimu akavua miwani, akamtazama, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Asante. Kaa chini. Mahakama imeandika."

Tajiri akakaa. Nadhani alipofika kwenye kiti ndipo alipojisikia amesema nini, maana alishika kichwa. Wewe ulikuwa umegeuka kumtazama, na hilo tu ndilo nililoliona usoni mwako siku ile: ulikuwa unamwangalia kama siku alipoanza kutembea.

Jana basi hukumu. Hakimu alisoma muda mrefu, mengi yalinipita. Lakini hili nililishika, nikamwomba wakili wangu aniandikie ili nikuandikie wewe: "Mahakama inaona kwamba tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha marehemu mke haiwezekani kimaumbile. Ilitamkwa na baba aliyetaka bintiye asome, na mahakama haioni sababu ya kumlaumu. Marehemu mke alikuwa mkubwa kuliko marehemu mume. Kwa hiyo anahesabiwa kuwa alitangulia, na mume akamrithi, na baada ya mume, dada yake."

Dada yake. Ndiyo mimi huyo.

Sikujua tumeshinda mpaka fundi mbao aliporuka na kupiga kelele, "Gooooli!" Karani akamtishia kumtoa nje. Fundi akasema, "Nitoe tu, mechi imeisha."

Nje kwenye ngazi Tajiri alinifuata. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema, "Shemeji, nimejifunga mwenyewe." Nikamwambia, ulifanya vizuri kumtetea mama. Akasema, "Angesema chochote kingine. Lakini mama!" Akatingisha kichwa, tukajikuta tunacheka wote wawili. Alikuja mpaka karakana, akakaa kwenye kochi la mteja, akaruka ruka kidogo, akasema springi ya kulia imelegea. Na ni kweli imelegea. Nikampa kikombe cha chai na nikamtuma anishikie upande mwingine wa kitambaa.

Leo asubuhi nimekata kava la lile kochi la kaka. Kitambaa cha kijani, kile walichokuwa wanabishania. Mkasi umepita kama maji.

Wifi yako mwenye furaha,
Mshona Makava


12 Juni

Wifi,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, wodi nzima. Mama aliyejifungua saa moja kabla alicheka mpaka nikamkataza kwa ajili ya nyuzi zake. Wote sasa wanalijua jina la Tajiri na wanataka kumwona.

Tajiri amenipigia. Hakununa! Anasema amekwenda mwenyewe kwa fundi wa makaburi, amemwagiza abadilishe lile jiwe. Alimsimamia mpaka mwaka wa kweli ukachongwa. Anasema fundi alimuuliza, "Kwani marehemu amekua?" akamjibu, "Ndiyo, amekua miaka miwili, chonga."

Tumemrudishia miaka yake, wifi. Miaka yote ninaandika saa za kuzaliwa za watoto wa watu, saa na dakika, kwa mwandiko mzuri, na ya mtu aliyenibeba niliiacha ikae hovyo. Sikujua ni mzigo mpaka ulipotoka. Natembea wepesi, hata miguu ya zamu hainiumi.

Watu wa hapa wananiuliza najisikiaje kukosa karakana. Nawaambia sikukosa kitu. Nina dada mkubwa.

Mkunga


30 Juni

Wifi yangu Mkunga,

Kochi la kijani limeondoka leo. Mwenye nalo alikuja, akakaa, akapapasa kitambaa, halafu akasema, "Hili limefanywa na nani?" Nikamwambia springi ni za kaka yangu, kava ni langu, na rangi aliichagua mkewe, kwa sababu alikuwa mkubwa na ilibidi aheshimiwe.

Sheria imenipa hata nguo za dada yako. Nilifungua kabati nikaona si haki. Nimekufungia sanduku: magauni, miwani ya kusomea, na ile picha yenu ya darasa la kwanza, yeye anakuzidi kichwa kizima na mwalimu hakuona! Tajiri ameomba redio, nimempa. Anakuja siku za Jumamosi sasa, anajifanya amekuja kusikiliza habari, halafu anashika kitambaa.

Jambo la mwisho. Nimekwenda kwa wakili wetu, nikampelekea kava la kile kiti kilichopasuka kama nilivyoahidi, na nikamwambia, mama, niandikie wosia. Sitaki siku yangu ikifika watu wakae mahakamani wanahesabu pumzi. Nimekuandika wewe. Karakana, chumba, cherehani, vyote. Usikatae, nimeshatia sahihi, na nilisoma kila neno kabla ya kutia, mwulize.

Wakili akaniuliza, "Na mkifa siku moja?" Nikamwambia loo, swali hilo tena! Wewe wifi umenizidi umri, sheria itakutanguliza na tutaanza upya. Kwa hiyo tumeandika kwamba ikitokea hivyo, karakana iende kwa fundi mbao, maana yeye hapandi gari kabisa, anatembea kwa miguu.

Halafu akaniambia kwamba wewe ulimpigia simu siku chache kabla yangu, ukamuuliza namna ya kuniandika mimi kwenye wosia wako, ile nyumba yako ndogo ya kituoni na akiba yako ya uzeeni. Wifi, tumefukuzana. Nimefurahi nusura nimkumbatie mwanasheria. Lakini niruhusu nikuombe: yaache hayo. Wape Tajiri na wanawe. Mimi nina pa kulala, nina pa kushonea, na nina kitambaa cha kukata kesho asubuhi.

Usiniandike popote. Unikumbuke tu.

Wifi yako,
Mshona Makava